Madoa Kwenye Punje ya Mahindi

Chukua gunzi la mahindi ya kienyeji, yale ya rangi mchanganyiko ambayo bado hupandwa na watu wanaojitunzia mbegu wenyewe. Limenye maganda, na kabla ya kupukuchua litazame punje kwa punje. Nyingine ni nyeupe tupu. Nyingine ni zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Ukibahatika utakuta punje ya aina ya tatu: nyeupe yenye madoa ya zambarau, kana kwamba mtu ameirushia wino. Isogeze karibu na jicho. Madoa hayalingani. Moja limetanda robo nzima ya punje, mengine ni vitone kama ncha ya sindano, na mpaka kati ya weupe na zambarau umekatika wazi, haufifii kidogo kidogo.

Nataka tukae na punje hiyo kwa muda, maana imebeba swali ambalo wanabiolojia hawajamaliza kubishana juu yake.

Tuanze na jinsi punje inavyokua. Rangi hukaa katika tabaka jembamba la seli chini ya ngozi ya nje ya punje, na tabaka hilo, pamoja na wanga ulio ndani yake, hutokana na seli moja tu iliyorutubishwa. Seli hiyo hugawanyika zikawa mbili, nne, nane, mpaka maelfu kwa maelfu. Seli za mimea hazitembei. Kila moja hukaa palepale ilipozaliwa, bega kwa bega na dada zake, kama ndugu wanaojenga kwenye kiwanja kimoja cha babu yao. Kwa hiyo doa la rangi ni ukoo: seli zote zilizomo zina mama mmoja, na zote zimerithi kwake jambo ambalo majirani zao weupe hawana.

Jambo hilo likitokea mapema, wakati punje ina seli chache, mama huyo anapata muda wa kuzaa ukoo mkubwa, na doa linakuwa pana. Likitokea karibu na mwisho wa kukua, tunapata kitone. Ukubwa wa doa, basi, unatueleza saa. Na tazama mabadiliko yanaelekea wapi. Weupe ndio hali ya kuharibika, kwa sababu jeni ya rangi imeacha kufanya kazi. Zambarau ni kupona. Jeni iliyoharibika inapona tena na tena ndani ya punje moja, pengine mara ishirini, kila mara katika seli tofauti. Makosa ya kawaida ya kunakili jeni hayana tabia hiyo. Kioo kikivunjika hakijiungi chenyewe mara ishirini katika alasiri moja. Lazima kilichoiharibu jeni hii kiwe kitu kinachoweza kuondoka.

Aliyefika kwenye wazo hilo kwa uvumilivu wa miaka ni Barbara McClintock, mtafiti wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1902, na ambaye kuanzia 1941 alifanya kazi Cold Spring Harbor, katika jimbo la New York. Alipanda mahindi yake mwenyewe, akayachavusha kwa mkono, kisha akachunguza kromosomu zake kwa hadubini. Mahindi yana jozi kumi za kromosomu. Katikati ya miaka ya 1940 aliona kwamba kwenye mimea fulani kromosomu ya tisa ilikuwa ikikatika, na kila mara ilikatikia mahali palepale. Akapaita mahali hapo Ds. Akagundua pia kwamba Ds haikatiki kama ndani ya seli hamna kitu kingine, alichokiita Ac. Kisha akaona jambo ambalo ramani za jeni za siku hizo hazikuwa na nafasi nalo: katika baadhi ya vizazi, Ds haikuwapo tena pale ilipokuwa. Ilikuwa imehamia sehemu nyingine ya kromosomu. Ilipohamia kwenye jeni ya rangi, punje ilipauka. Ilipotoka humo ndani ya seli moja ya punje inayokua, ukoo wa seli hiyo ulirudiwa na rangi. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1950, miaka mitatu kabla umbo la DNA halijajulikana.

Leo tunaweza kusema kwa lugha ya herufi kile alichokiona kwa macho. DNA ni uzi mrefu wa herufi za aina nne, na jeni ni kipande cha uzi huo chenye maelezo ya kutengeneza kitu, mara nyingi protini. Andika sentensi hii: Mama anapika ugali jioni. Sasa chomeka ukurasa mzima wa gazeti katikati ya neno «anapika». Hakuna herufi iliyofutwa, ila sentensi haisomeki. Uchomoe ukurasa huo, na mama anarudi jikoni. Ndicho kinachofanywa na Ds. Ac yenyewe ni kipande cha aina hiyohiyo, ila ndani yake kimebeba maelezo ya kutengeneza kimeng'enya cha kukikata na kukipachika kwingine. Ds ilipoteza maelezo hayo zamani, ikabakiwa na ncha zake mbili. Lakini kimeng'enya kinatambua ncha, hakiulizi kimetengenezwa na nani. Ds inadandia gari la Ac.

Kuna aina ya pili ya uhamaji, na hiyo ndiyo iliyobadilisha ukubwa wa hesabu. Kipande hakikatwi. Kinanakiliwa kwanza katika RNA, kisha nakala hiyo inageuzwa kuwa DNA na kupachikwa mahali pengine. Cha kwanza hakitoki kilipo. Kilikuwa kimoja, sasa ni viwili. Vipande vya namna hii huitwa retrotransposoni.

Hapa naomba msomaji aende polepole, kwa sababu hoja nzima imesimama juu ya hatua moja ndogo. Unaujua ule ujumbe wa WhatsApp unaoisha kwa kusema: sambaza kwa makundi kumi kabla ya usiku wa manane. Kwa nini ujumbe huo umekufikia? Si lazima uwe wa kweli. Si lazima uwe na faida kwako, wala kwa aliyekutumia. Umekufikia kwa sababu ndani yake una amri ya kunakiliwa. Katika simu milioni, ujumbe usio na amri hiyo unafia pale ulipoandikwa, na wenye amri unajaa. Hatuhitaji sababu nyingine yoyote kueleza wingi wake. Vivyo hivyo, kipande cha DNA kinachojinakili ndani ya seli zinazotengeneza mayai au mbegu za kiume kitaongezeka kizazi hata kizazi, mradi madhara yake kwa mwenye mwili yasiwe makubwa kiasi cha kumzuia kuzaa. Kuwapo kwake kwa wingi si ushahidi kwamba anakihitaji.

Na wingi wake ni wa kushangaza. Jenomu ya mahindi, yaani DNA yake yote, ilipochapishwa mwaka 2009 ilikuwa na herufi takriban bilioni 2.3, na karibu asilimia 85 ya herufi hizo ni vipande vinavyohama. Sisi binadamu tuna herufi kama bilioni 3.1. Maelezo ya kutengeneza protini hayafiki asilimia 2. Vipande vinavyohama, au mabaki yake yanayotambulika, ni karibu nusu. Kimoja kiitwacho LINE-1 kina nakala kama laki tano ndani yetu, nyingi zikiwa vipande vilivyokatika, na ni kama mia moja tu au pungufu kwa kila mtu ambazo bado zinaweza kuruka. Kingine, Alu, kina herufi 300 hivi na nakala zaidi ya milioni moja. Hakina kimeng'enya chake. Kinadandia cha LINE-1, kama Ds inavyodandia Ac.

Tunajuaje kwamba vipande hivi viliingia, na havikuwapo tangu mwanzo? Retrotransposoni nyingi za mahindi zina ncha mbili ndefu, na kwa jinsi zinavyonakiliwa, siku ya kupachikwa ncha hizo huwa zinafanana herufi kwa herufi. Baada ya hapo kila ncha inaanza kukusanya makosa yake, taratibu, bila kujua mwenzake anakosea wapi. Hesabu tofauti kati ya ncha mbili, gawanya kwa kasi ya kawaida ya makosa, na umepata umri. Kundi la Jeffrey Bennetzen na Phillip SanMiguel lilifanya hivyo katika miaka ya 1990 kwenye eneo la jeni moja ya mahindi iitwayo adh1. Walikuta vipande vimeingia ndani ya vipande, na hivyo navyo ndani ya vingine, na umri wa vyote haukuzidi miaka milioni sita. Vingi vilikuwa chini ya milioni tatu. Katika mtama, eneo lilelile halikuwa na vipande hivyo. Mtama ni ndugu wa karibu wa mahindi, una idadi ya jeni isiyopishana sana nayo, lakini jenomu yake nzima ni herufi kama milioni 730. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na jenomu ya mahindi kuwahi kujirudufu yote mara moja. Sehemu kubwa iliyobaki ni hawa wahamiaji.

Turudi kwa McClintock. Husimuliwa mara nyingi kwamba alipotoa taarifa yake mbele ya wenzake mwaka 1951 hakuna aliyemwamini kuwa jeni zinaruka, akanyamaza, kisha mwaka 1983, akiwa na miaka 81, akapewa Tuzo ya Nobel peke yake. Ukimya ulikuwapo, na kuanzia katikati ya miaka ya 1950 aliacha karibu kabisa kuchapisha juu ya jambo hili. Lakini alikuwa amesema mambo mawili. La kwanza: vipande hivi vinahama. Hilo wataalamu wa mahindi walilikubali mapema kuliko hadithi inavyodai. La pili, ambalo kwake ndilo lilikuwa na uzito: vipande hivi ndivyo vinavyoongoza jeni, vikiwasha hii na kuzima ile kadiri kiumbe kinavyokua. Aliviita vidhibiti. Tuzo ilitolewa kwa la kwanza. La pili ndilo bado linagombaniwa, na huwa nasikitika tunapomsifu kwa nusu ya alichosema na kuiacha ile nusu iliyomkosesha usingizi.

Upande wake haukukosa watu. Mwaka 1969 Roy Britten na Eric Davidson walipendekeza kwamba mifuatano inayojirudia katika jenomu ni mtandao wa swichi: swichi ya namna moja ikisambazwa karibu na jeni nyingi, jeni zote hizo zinaweza kuitika amri moja. Ni wazo zuri, na baadhi yake limethibitishwa. Upande wa pili ulisema kwa nguvu zaidi mwaka 1980, makala mbili zilipotoka pamoja katika jarida la Nature, moja ya Ford Doolittle na Carmen Sapienza, nyingine ya Leslie Orgel na Francis Crick. Hoja yao ni ile ya ujumbe wa WhatsApp: kama kujinakili kunatosha kueleza kwa nini kitu kipo, msianze kukitafutia kazi kabla ya kuonyesha kwamba kinayo.

Mwaka 2012 mjadala ulifufuka. Mradi mkubwa wa ENCODE ulitangaza kwamba asilimia 80 ya jenomu ya binadamu ina shughuli za kikemia zinazoweza kupimika, na magazeti yakaandika kwamba hakuna tena DNA isiyo na kazi. Lakini kupimika kwa shughuli hakutoshi. Redio ikisikika dukani, hujajua bado kama kuna mtu anayeisikiliza. Mwaka 2014 watafiti wa Oxford walipima kwa njia nyingine, wakitafuta sehemu ambazo uteuzi wa asili unazilinda zisiharibike, na makadirio yao yalikuwa asilimia 8.2.

Mtafiti wa Kanada, Ryan Gregory, ana jaribio ninalolipenda kwa sababu halihitaji maabara. Kila anayedai kwamba DNA yote ya binadamu ina kazi muhimu, amwambie kwanza kitunguu maji. Kitunguu kina herufi kama bilioni 16, mara tano zaidi yetu. Kinazihitaji kwa kazi gani? Mimi ningeongeza kamongo, samaki wa Ziwa Victoria anayepumua hewa na kuweza kustahimili kiangazi akiwa ndani ya tope. Jenomu ya binamu yake wa Afrika Magharibi ilisomwa mwaka 2021, ikakutwa na herufi karibu bilioni 40, sehemu kubwa ikiwa vipande vinavyohama. Kamongo wa ziwani, vipimo vya zamani vya uzito wa DNA vilimkadiria juu zaidi, kupita bilioni 100. Idadi ya jeni za samaki hawa haipishani sana na yetu. Mvuvi anayemtoa kamongo kwenye wavu ameshika kiumbe ambaye kila seli yake imebeba nakala juu ya nakala, na hakuna kazi ya kuishi kwenye tope inayoweza kueleza hesabu hiyo. Kinachoieleza ni kujinakili, pamoja na kasi ndogo ya kufuta.

Je, basi, vipande hivi havina faida? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Vingine vimepewa kazi ambayo tusingeishi bila yake. Kondo la nyuma linalomlisha mtoto tumboni lina tabaka la seli zilizoungana kuwa moja, na protini inayoziunganisha, sinsitini, inatokana na kirusi kilichoingia katika DNA ya mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita. Kirusi kiliitumia kuungana na seli ili kuingia ndani. Mwili unaitumia kuunganisha seli zake wenyewe. Protini za RAG, zinazokata na kuunga jeni za kinga ili tupate kingamwili za aina nyingi, nazo zina asili katika kimeng'enya cha kipande kilichokuwa kikikata na kujipachika. Na madhara yapo pia: mwaka 1988 kundi la Haig Kazazian lilipata watoto wawili wenye hemofilia ambao LINE-1 ilikuwa imetua ndani ya jeni yao ya kugandisha damu, wakati wazazi wao hawakuwa nayo pale.

Kinachohitajika ni kutenganisha maswali mawili tunayopenda kuyauliza kwa pumzi moja. Kipande hiki kipo hapa kwa nini? Na sasa kinafanya nini? Chupa ya soda inaweza kuwa kibatari kizuri nyumbani kwa bibi, lakini kiwanda hakikuitengeneza kwa ajili ya mwanga, na chupa nyingine elfu zilizotupwa mtaroni hazigeuki vibatari kwa sababu ya hiyo moja.

Kuna wanaojibu kwamba faida ni ya mbeleni: jenomu iliyojaa vipande vinavyoruka huzalisha mabadiliko mengi, na mabadiliko ndiyo malighafi ya mageuko, hivyo viumbe vimevihifadhi kwa ajili ya siku ngumu. Mimi sioni njia. Uteuzi wa asili humtazama aliye hai leo na kuuliza ameacha watoto wangapi. Hauweki akiba kwa ajili ya mjukuu wa mia. Inawezekana kwamba koo za viumbe zenye vipande vingi zilifaulu kubadilika wakati koo nyingine zinakufa, na sisi ni wazao wao. Hilo naliona kuwa swali halali lililo wazi. Lakini hayo ni matokeo, hayawezi kuwa chanzo. Ni kweli pia kwamba joto kali, ukame au uzazi wa chotara huviamsha vipande vilivyolala, kama McClintock mwenyewe alivyosisitiza katika hotuba yake ya Nobel. Aliona humo jenomu inayojibu dhiki. Mtu mwingine anaweza kuona walinzi waliochoka, kwa sababu seli hutumia nguvu nyingi kuvinyamazisha vipande hivi kwa alama za kikemia, na dhiki huvuruga ulinzi huo. Kuamua kati ya maelezo hayo mawili kunahitaji kazi ya shambani na maabara, kipande kwa kipande. Hakuna jibu la jumla.

Kazi kama hiyo imeshafanyika kwenye mahindi. Jina letu la zao hili linaelekeza India, lakini asili yake ni nyasi ya Mexico iitwayo teosinte, ambayo wakulima wa bonde la Balsas walianza kuibadilisha miaka kama 9,000 iliyopita. Teosinte ina matawi mengi, kama kichaka. Mhindi una bua moja lililosimama wima. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko kwenye jeni iitwayo tb1, inayozuia matawi, na ambayo katika mahindi inafanya kazi kwa nguvu zaidi. Mwaka 2011 kundi la John Doebley lilionyesha sababu: herufi kama 60,000 kabla ya jeni hiyo kimetua kipande kiitwacho Hopscotch, nacho kinaiongezea nguvu. Hii ni swichi kweli, ya aina aliyoitabiri McClintock, kwenye mmea aliousoma maisha yake yote. Lakini walipopima umri wake walikuta kilitua pale zaidi ya miaka 10,000 kabla ya mkulima wa kwanza kuweka jembe. Kwa milenia zote hizo kilikuwa kwenye baadhi ya nyasi za porini, hakimtumikii mtu.

Hopscotch ilikuwa imeshajulikana tangu 1994, mahali pengine. Watafiti walikuwa wakichunguza mahindi ambayo punje yake, ukiikata, haina mng'ao bali inafanana na nta, na ambayo wanga wake hunata ukipikwa. Jeni ya kutengeneza aina moja ya wanga ilikuwa imekufa. Walipoisoma, walikuta katikati ya maneno yake kumechomekwa ukurasa wa gazeti: nakala nyingine ya kipande hichohicho.